Kutoka Mkono wa Mnakili hadi Seva ya Usiku: Historia ya Nakala Rudufu na Hatima ya Data za Utafiti wa Kiswahili Vyuoni

IKISIRI

Makala hii inafuatilia historia ya nakala rudufu kama kinga ya data za utafiti wa chuo kikuu, kuanzia wanakili wa miswada ya Kiswahili wa mwambao hadi programu za kompyuta zinazonakili data usiku bila kuamriwa na mtu. Hoja kuu ni kwamba nakala haikuwa kinga kwa kuwapo kwake tu. Ilikuwa kinga pale ilipotimiza masharti matatu: kutengana na asili yake, kufanywa pasipo kutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja, na kuthibitishwa kwa kujaribiwa kurejeshwa. Kwa kutumia mifano ya Mombasa, Maryland, Maastricht, Kyoto, Rio de Janeiro na Makerere, makala inaonyesha kuwa umuhimu wa masharti hayo ulidhihirika zaidi kwa njia ya hasara. Mwishowe inapendekeza hatua ambazo idara za Kiswahili za ukanda wetu zinaweza kuchukua ili rekodi za wasimulizi wetu zisipotee mara ya pili, baada ya wasimulizi wenyewe kuondoka.

1.0 UTANGULIZI

Mtafiti wa lugha anaporejea kutoka uwandani huwa amebeba vitu vya aina mbili. Vipo vinavyoweza kupatikana tena kwa gharama na uvumilivu: hojaji, orodha ya msamiati, picha za mabango ya barabarani. Vipo pia visivyoweza kupatikana tena: sauti ya bibi mwenye umri wa miaka themanini akisimulia ngano kwa lahaja ambayo wajukuu wake hawaisemi, au mjadala wa wavuvi kuhusu majina ya pepo na mikondo ya bahari. Vitu hivi vyote viwili leo huwekwa katika kifaa kimoja kidogo, na mara nyingi kifaa hicho ni mali ya mtafiti mwenyewe, wala si mali ya chuo.

Katika mikutano yetu tumezoea kujadili namna ya kukusanya data, kuzinukuu na kuzichanganua. Suala la namna ya kuzilinda huachiwa mafundi wa kompyuta, kana kwamba si sehemu ya taaluma. Makala hii inapinga mgawanyo huo kwa kutumia ushahidi wa kihistoria. Ulinzi wa data za lugha ni suala la kale kuliko kompyuta, na waliolishughulikia mwanzoni walikuwa wanazuoni wa lugha na fasihi wenyewe.

Neno la msingi linahitaji ufafanuzi. Katika makala hii istilahi *nakala rudufu* inamaanisha nakala ya data inayowekwa kando kwa kusudi la kurejeshwa iwapo asili itapotea au kuharibika. Baadhi ya programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili hutumia neno *chelezo*, ambalo katika matumizi ya mabaharia ni boya linaloelea kuonyesha mahali nanga ilipo. Neno hilo lina sifa moja nzuri: linatukumbusha kwamba kamba ikikatika, jambo la kwanza ni kujua kitu kilichozama kipo wapi. Hata hivyo, *nakala rudufu* imeenea zaidi katika maandishi ya kitaaluma na ndiyo itakayotumika hapa. Nakala rudufu ya kiotomatiki ni ile inayofanywa na programu kwa ratiba iliyopangwa, pasipo mtu kukumbuka wala kubonyeza chochote.

2.0 NAKALA KABLA YA KOMPYUTA

Fasihi andishi ya Kiswahili ya kale imetufikia kwa njia ya kunakiliwa. Karatasi haidumu katika hewa ya chumvi na unyevu wa mwambao. Mchwa na mvua hufanya kazi yake. Tendi zilizobaki ni zile ambazo kila kizazi kilipata mtu wa kuziandika upya. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki katika miaka ya 1940, ni mfano unaojulikana sana. Alinakili tendi na mashairi kwa hati za Kiarabu kwa ajili ya watu wa kwao na pia kwa wataalamu wa Ulaya, wakiwamo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Kwa sababu hiyo kazi za mkono wake zinapatikana leo katika maktaba za nchi zaidi ya moja.

Kisa cha mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa kinaeleza zaidi. Muyaka alifariki mwaka 1840. Kwa miongo kadhaa mashairi yake yaliishi katika vinywa na vifua vya watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyekuwa akiyafahamu aliyatoa yaandikwe, na mmisionari W. E. Taylor akayakusanya akisaidiwa na wanazuoni wa Mombasa. Karatasi za Taylor zilifika London, na mwaka 1940 Hichens akachapisha *Diwani ya Muyaka* huko Johannesburg. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Lau kazi ile ingechelewa miaka michache, sehemu kubwa ya mashairi hayo ingezikwa pamoja naye.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, kilichookoa mashairi ni kuhama kwao kutoka chombo kimoja hadi kingine na kutoka mahali pamoja hadi pengine: kutoka kumbukumbu hadi karatasi, kutoka Mombasa hadi London, kutoka hati ya mkono hadi chapa. Pili, uhamaji huo haukupangwa na taasisi yoyote kama mpango wa ulinzi. Ulitokana na mapenzi ya watu wachache. Mashairi ya washairi ambao hawakupata Sikujua wao hatuyajui, na hatuwezi hata kuyahesabu.

Karne ya ishirini ilileta taasisi. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ikiwa na makao Dar es Salaam. Mwaka 1942 makao yalihamia Nairobi, mwaka 1952 yakahamia Makerere, kisha Mombasa, kabla ya kurejea Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa mwaka 1964. Historia hii husimuliwa kwa kawaida kama historia ya usanifishaji. Inaweza kusomwa pia kama historia ya masanduku ya karatasi yaliyovuka mipaka mara nne. Yale yaliyochapishwa katika jarida la Kamati yalikuwa na nakala katika maktaba nyingi, na kuhama kwa ofisi hakukuyadhuru. Yale yaliyobaki katika majalada, mathalani barua, orodha za maneno na maoni ya wasomaji wa miswada, yalitegemea uangalifu wa aliyefunga sanduku.

Katika miaka ya 1960, J. W. T. Allen alifanya kazi kubwa ya kukusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katalogi yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Katalogi ni sehemu ya ulinzi ambayo mara nyingi husahauliwa. Inasema nini kipo, kimetoka kwa nani na kiko wapi. Nakala isiyo na maelezo hayo ni mzigo usio na mwenyewe: ipo, lakini hakuna anayeweza kuitafuta, na ikipotea hakuna atakayejua.

3.0 KADI, UTEPE NA KUZALIWA KWA NAKALA ZA KIOTOMATIKI

Data za lugha ziliingia katika mashine mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1949 padri Mjesuiti wa Italia, Roberto Busa, aliiendea kampuni ya IBM akiomba msaada wa kutengeneza faharasa ya maneno yote ya Thomas Aquinas. Kazi ilianza kwa kadi za kutobolewa. Kadi ya IBM ya wakati huo ilikuwa na safu 80, na kila neno la matini lilipaswa kupata kadi yake. Baadaye data zilihamishiwa katika utepe wa sumaku, na majuzuu ya faharasa yakachapishwa kati ya mwaka 1974 na 1980. Kazi ya Busa iliendelea kuishi kwa sababu kila chombo kilipochakaa, data zilihamishiwa katika chombo kilichofuata. Mnakili wa Lamu angeuelewa utaratibu huo mara moja.

Utepe wa sumaku ulianza kutumika katika kompyuta za biashara mwaka 1951 pamoja na mashine ya UNIVAC. Ulibadilisha hali kwa kuwa uliweza kunakiliwa wote kwa muda mfupi na kupelekwa jengo jingine. Hapo ukazuka utaratibu wa mzunguko ambao wahudumu wa kompyuta waliuita kwa majina ya ukoo: mwana, baba na babu. Utepe wa kila siku ni mwana, wa kila wiki ni baba, na wa kila mwezi ni babu. Mwana akiharibika, baba yupo. Na ikiwa kosa limegunduliwa baada ya wiki kadhaa, babu bado anakumbuka hali ya zamani. Utaratibu huu una hekima ambayo tutaiona ikikosekana katika kisa cha Kyoto hapa chini. Haukutunza nakala ya leo tu. Ulitunza historia ya data.

Udhaifu wake ulikuwa binadamu. Mhudumu aliumwa, alikwenda likizo, aliweka utepe usiofaa, au aliona kuwa wiki hii hakuna kilichobadilika. Ndipo wazo la kuiachia mashine kazi likapata nguvu. Mfumo wa Unix, uliotengenezwa katika maabara za Bell nchini Marekani, ulikuwa na programu ya kumwaga diski nzima katika utepe tangu katikati ya miaka ya 1970. Toleo la saba la mwaka 1979 lilikuwa na programu iitwayo *cron*, ambayo kazi yake ni kuamsha programu nyingine kwa saa iliyopangwa. Zilipounganishwa mbili hizi, kompyuta iliweza kujinakili saa nane usiku wakati watu wamelala.

Hatua iliyofuata ilizaliwa chuoni. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo vya Marekani havikuwa tena na kompyuta moja kubwa katika chumba kimoja. Kila mhadhiri alikuwa na yake mezani, na data za utafiti zilikuwa zimetawanyika katika ofisi nyingi. Kuwataka wahadhiri wote wanakili data zao wenyewe ilikuwa sawa na kutozinakili. Katika Chuo Kikuu cha Maryland ilitengenezwa programu iitwayo Amanda. Kompyuta moja yenye kiendesha-utepe kikubwa ilizizungukia kompyuta nyingine kupitia mtandao kila usiku, ikakusanya mabadiliko ya siku, na asubuhi ikamwandikia msimamizi barua pepe kueleza kipi kimefaulu na kipi kimeshindikana. Programu hiyo ilitolewa bure, na vyuo vingi duniani vikaitumia.

Mwaka 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walitoa programu ya *rsync*. Ubora wake ni kwamba hulinganisha faili iliyopo hapa na nakala yake iliyopo mbali, kisha hutuma vipande vilivyobadilika tu. Kwa nchi zenye mtandao mwembamba jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Karibu na wakati huohuo, Chuo Kikuu cha Stanford kilianzisha mradi wa LOCKSS kwa ajili ya majarida ya kielektroniki. Maktaba nyingi zilihifadhi nakala za jarida lilelile, na kompyuta zao zikawa zinaulizana mara kwa mara iwapo nakala bado zinafanana. Iliyogundulika kuharibika ilirekebishwa kwa kufuata nyingine. Jina la mradi kwa Kiingereza ni kifupisho cha usemi unaomaanisha kuwa wingi wa nakala ndio usalama.

Miaka ya 2000 ilipofika, mafunzo haya yalikuwa yamefupishwa katika kanuni iliyosambazwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: kuwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na zilipo nyingine. Kanuni hiyo inafundishwa hadi leo. Lakini ilikuwa bado haijajibu swali moja: itakuwaje ikiwa mashine inayotengeneza nakala ndiyo yenye hitilafu?

4.0 MASHINE INAPOKOSEA: MAASTRICHT NA KYOTO

Visa viwili vya karibuni vinajibu swali hilo. Vyote vilitokea katika vyuo vyenye fedha, mafundi na mifumo ya kiotomatiki.

Cha kwanza ni cha Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi. Oktoba 2019 barua pepe ya hadaa ilifunguliwa chuoni humo. Wahalifu waliingia katika mtandao wa chuo na kukaa humo kwa takribani miezi miwili wakichunguza kimya kimya. Tarehe 23 Desemba walifunga data katika seva 267 kwa msimbo wa siri na kudai fidia. Miongoni mwa seva zilizofungwa zilikuwamo baadhi ya zile za nakala rudufu. Zilikuwa zimeunganishwa katika mtandao uleule ili ziweze kufanya kazi ya kiotomatiki, na njia ambayo mashine iliitumia kufikisha nakala ndiyo mhalifu aliyoifuata. Chuo kililipa bitcoin 30, sawa na karibu euro 200,000 za wakati huo. Kilieleza kuwa uamuzi huo ulikuwa mgumu, lakini data za utafiti na masomo ya wanafunzi vilikuwa hatarini. Kutokana na kisa hiki sharti la utengano lilipata maana mpya. Hapo awali kutengana kulimaanisha jengo jingine. Sasa kunamaanisha pia kwamba iwepo angalau nakala moja ambayo mtandao hauwezi kuigusa.

Cha pili ni cha Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Kati ya tarehe 14 na 16 Desemba 2021, mfumo wa nakala rudufu wa kompyuta kuu ya chuo hicho ulifuta faili milioni 34 hivi, zenye ujazo wa terabaiti 77 kwa makadirio ya chuo. Vikundi 14 vya watafiti viliathirika, na data za vikundi vinne hazikuweza kurejeshwa. Hapakuwa na moto wala mhalifu. Kampuni iliyouza mfumo ilikuwa imerekebisha programu fupi ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kufuta kumbukumbu za zamani za uendeshaji. Toleo jipya liliwekwa juu ya lile la zamani wakati la zamani lingali likifanya kazi. Programu ikaendelea kusoma kuanzia katikati ya maandishi mapya, ikiwa haina jina la mahali pa kufutia, na amri ya kufuta ikazielekea faili za watafiti. Kampuni ilikiri wajibu wote.

Kisa cha Kyoto kinastahili kutafakariwa kwa sababu kinga yenyewe ndiyo iliyoangamiza. Kinatufundisha kutofautisha nakala ya kioo na nakala ya historia. Nakala ya kioo hufuata asili kila inapobadilika: asili ikifutwa, nayo hufutwa, asili ikiharibika, nayo hubeba uharibifu. Kioo hakitunzi sura ya jana. Nakala ya historia, kwa mfano wa mwana, baba na babu, hubakiza hali za siku zilizopita hata baada ya asili kupotoka. Baada ya tukio lile chuo kilieleza nia ya kuweka utaratibu wa kutunza matoleo ya awali. Kwa maneno mengine, teknolojia ya kisasa ilirejea kwa babu.

Sharti la tatu linatokana na visa hivi pia. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni dhana tu. Taarifa ya asubuhi inayosema kwamba kazi ya usiku imefaulu inathibitisha kuwa programu ilimaliza kukimbia. Haithibitishi kuwa faili inafunguka, sauti inasikika, au herufi za Kiarabu za utendi hazijageuka alama zisizosomeka.

5.0 AFRIKA MASHARIKI: MOTO, NYAYA NA KOMPYUTA YA MTAFITI

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 2020, moto uliteketeza sehemu kubwa ya Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililojengwa mwaka 1941. Jengo lilikuwa na ofisi za fedha na kumbukumbu. Uongozi wa chuo uliwatuliza wanafunzi kwa kueleza kwamba kumbukumbu za masomo yao zilikuwa na nakala za kielektroniki. Jengo lilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2024. Kwa wanahistoria wa Kiswahili, Makerere ni makao ya Kamati ya Lugha kwa takribani miaka kumi. Moto huo ulikuwa pia onyo kwetu.

Uzito wa onyo hilo unaonekana tukiangalia Rio de Janeiro. Tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazili, yaliyo chini ya Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Rio de Janeiro, yaliungua. Pamoja na visukuku na vitu vya kale, iliteketea hazina ya isimu: rekodi na maandishi ya lugha za wenyeji wa nchi hiyo, zikiwamo lugha zisizo na wazungumzaji tena. Jengo linaweza kujengwa upya kwa fedha. Lugha iliyokuwa na rekodi moja tu, rekodi hiyo ikiungua, haina pa kurejea.

Ni muhimu kutofautisha data za utawala na data za utafiti. Matokeo ya mitihani na malipo ya ada hutunzwa katika mifumo mikuu ya chuo, nayo hunakiliwa kwa kuwa hasara yake ingesimamisha chuo siku ileile. Rekodi za mahojiano ya mtafiti wa lahaja haziko katika mfumo wowote mkuu. Ziko katika kompyuta yake, katika diski mkononi mwake, au katika simu. Zikipotea, chuo kinaendelea na kazi kama kawaida. Mwandishi alipata kushuhudia mwanafunzi wa uzamili aliyeibiwa mkoba katika basi, ndani yake mkiwa na kompyuta yenye rekodi za miezi mitano. Mwanafunzi huyo hakuwa mzembe. Alikuwa na nakala ya kila faili katika diski ya nje. Diski ilikuwa ndani ya mkoba uleule. Aliporudi kijijini kurekodi upya, wasimulizi wawili walikuwa wameshafariki.

Tatizo hili lilikuwa na sababu ya kimazingira ambayo sasa imepungua. Hadi mwaka 2009 vyuo vya ukanda huu vilitegemea zaidi setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti ya kimataifa. Njia hiyo ilikuwa ghali na finyu, na kutuma saa mia moja za sauti nje ya chuo hakukuwazika. Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, ukafuatwa na mingine kama TEAMS na EASSy. Nchi zisizo na pwani, kama Uganda, Rwanda na Burundi, ziliunganishwa kupitia Mombasa na Dar es Salaam. Mitandao ya vyuo, kama KENET ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1999, RENU ya Uganda na TERNET ya Tanzania, ilivipa vyuo njia ya pamoja. Leo chuo cha Kampala kinaweza kutunza nakala ya chuo cha Dodoma, na kinyume chake, pasipo kupitia bara jingine.

Hata hivyo, waya nao hukatika. Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja na intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za ukanda. Kwa hiyo nakala iliyo mbali haiondoi haja ya nakala iliyo karibu. Zote mbili zinahitajika, kama kanuni ya nakala tatu inavyoelekeza.

Lipo pia suala la nani anatunza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, Chuo Kikuu cha Helsinki kikishirikiana na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kilikusanya data za lahaja na fasihi simulizi nchini Tanzania. Chini ya Arvi Hurskainen, Helsinki pia ilijenga kongoo kubwa ya Kiswahili, ambayo toleo lake la pili, lenye maneno takribani milioni 25, linatunzwa katika Benki ya Lugha ya Ufini. Watafiti wa Kiswahili duniani kote wananufaika na uangalifu huo, nasi tunapaswa kuushukuru. Lakini historia ya Muyaka inaanza kujirudia: asili iko kwetu, nakala iliyo salama iko ng'ambo. Nakala ya ng'ambo ni kinga nzuri ya pili. Ikiwa ndiyo kinga pekee, mjukuu wa msimulizi wa Makunduchi au Siyu atahitaji ruhusa kutoka mbali ili asikie sauti ya bibi yake.

6.0 MAPENDEKEZO

Kutokana na historia iliyoelezwa, makala inapendekeza hatua tano, nazo hazihitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila mradi wa utafiti wa Kiswahili uoneshe katika pendekezo lake data zitakaa wapi, nakala zitafanywa na programu gani, na kwa ratiba ipi. Kamati za maadili ya utafiti zinazodai fomu ya ridhaa zidai pia mpango huu. Programu kama *rsync* na Amanda hazilipiwi, na kompyuta ya zamani ya idara inaweza kuwa seva ya kutosha kwa kuanzia.

Pili, idara ziingie makubaliano ya kutunziana nakala. Idara mbili katika nchi mbili, kila moja ikiwa na diski ya mwenzake, zinatimiza sharti la utengano kwa gharama ndogo kuliko kukodi nafasi kwa kampuni za nje.

Tatu, angalau mara moja kwa muhula nakala zijaribiwe. Mtu achague faili kumi bila mpangilio, azirejeshe katika kompyuta nyingine, azisikilize na kuzisoma. Nakala moja, iliyoandikwa tarehe, itunzwe ikiwa imechomolewa kabisa mtandaoni.

Nne, kila rekodi iambatane na maelezo: msimulizi, mahali, tarehe, lahaja, mkusanyaji na masharti ya ridhaa. Katika hili Allen na katalogi yake bado ni mwalimu wetu.

Tano, wingi wa nakala usivunje ahadi tuliyompa msimulizi. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Msimulizi aliyeomba maneno yake yasitangazwe ana haki hiyo katika kila nakala, hata ile ya babu iliyo kabatini. Fomu ya ridhaa imweleze kwa lugha anayoielewa kwamba sauti yake itanakiliwa, itatunzwa wapi na nani ataifikia.

7.0 HITIMISHO

Makala imeonyesha kuwa nakala rudufu ya kiotomatiki ni hatua moja katika mapokeo marefu ya kunakili ambayo Waswahili wenyewe wameshiriki kwa karne nyingi. Kompyuta iliondoa utegemezi wa kumbukumbu na nidhamu ya mtu mmoja, na hilo ni jambo kubwa. Haikuondoa haja ya utengano wala haja ya uthibitisho, kama Maastricht na Kyoto zilivyojifunza kwa gharama. Mashine hunakili inachoambiwa, ikiwa ni pamoja na makosa. Kuamua kipi kinastahili kudumu, kikae kwa nani na kisikilizwe lini ni wajibu wa mwanataaluma wa lugha. Wasimulizi waliozaliwa kabla ya uhuru wa nchi zetu wanapungua kila mwaka, na rekodi zao nyingi bado zina nakala moja tu. Kazi ya kuzitengenezea ya pili na ya tatu inaweza kuanza katika idara zetu muhula huu.